Fomu Iliyodai Mahari

Heri niwaambie mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Bungoma, maana wao wanaisimulia vizuri kuliko mimi: kuna siku nilimuuliza mzee wa watu, kwa kompyuta, kwenye ukuta mweupe wa ukumbi wa kanisa, mahari ni ng'ombe wangapi. Na hiyo hata siyo aibu yenyewe.

Kazi yangu hapa Kitale ni kutengeneza fomu za kompyuta, ama niseme ukweli, nimetengeneza programu inayotengeneza fomu (mimi ni mvivu bana, kuchora kisanduku kimoja kimoja siwezi). Unaipa orodha ya maneno, inaangalia kila neno, inachagua yenyewe hapa paandikwe maneno, hapa namba, mara fomu imesimama. Na neno ikishalijua hailisahau.

Sasa Nasimiyu, anayetunza picha za zamani za kanisa lao kule Bungoma, alitaka fomu ya kuandikia maelezo ya kila picha, akanisomea orodha kwa simu. Jamani, sauti ile! Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlimani mpaka dirishani kwangu, chai imepoa, macho nimefumba, vidole vinaandika tu ninachosikia, na mimi naomba kimoyomoyo orodha isiishe.

"Jina ra picha," akasema (kwao l na r hubadilishana viti, na mimi hata hilo nilikuwa nimeshalipenda). "Mwaka. Mahari. Hiyo ya mahari weka razima, mtu asipite bira kuijaza."

Mkono ulisita kidogo. Nimuulize, mahari ama mahali? Ataona namcheka ulimi. Nikaacha, nikasema nitaangalia baadaye, nikarudi kwenye ukungu wangu, na hiyo baadaye sikuiona tena.

Siku ya kuonyesha fomu ukumbi ulijaa wazee na akina mama wamebeba picha kwenye bahasha na Biblia. Nasimiyu akaanza na ya baba yake, mwalimu mstaafu, akiwa kijana mwembamba amesimama sokoni Bumula. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya projekta namwangalia Nasimiyu, tayari kichwani tuna nyumba na maua mlangoni. Akaandika jina la picha, akaandika mwaka, halafu ukutani, kwa herufi kubwa: MAHARI, IDADI YA NG'OMBE. (Mwaka uliopita niliitumia programu hiyo kwa kamati ya harusi ya kaka yangu. Si nimesema haisahau?)

"Uuwi!" mama mmoja akapiga kelele.

Mwalimu mwenyewe, aliyekaa benchi la mbele, akavua miwani, akavaa tena. "Kijana, hii ni picha yangu ama umekuja kuposa?"

Watu wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Kwa kiwewe nikabonyeza kuhifadhi, na mashine ikajibu kwa herufi nyekundu: HUWEZI KUENDELEA BILA MAHARI. Hapo ningecheka nao, yakaisha. Lakini jasho lilikuwa linanitiririka, na mdomo wangu huu ukafunguka wenyewe: "Si mimi! Ni Nasimiyu alisema mahari!"

"Kumbe binti ndiye ameitisha!" mzee mmoja akadakia, na ukumbi ukaangua kicheko upya, safari hii wakimcheka yeye. Nasimiyu akainamisha kichwa, akachomoa picha ya baba yake pale kwenye meza, akaifuta kwa kitambaa ingawa haikuwa na vumbi.

Akaninong'oneza, "Urisikia hivyo, na hukuniuriza?"

Hiyo ndiyo aibu ninayolala nayo, ng'ombe wale ni mzaha tu.

Fomu niliirekebisha siku hiyohiyo, na sasa kila picha ina mahali pake, Bumula imeandikwa Bumula. Siku hizi ati nimekuwa msumbufu, mteja akinisomea neno namwambia rudia, rudia tena, hata akiniona mjinga, na nimeapa sitanyamaza tena kwa kumwonea mtu haya.

Nasimiyu bado ananipa kazi. Ila hapigi simu. Akitaka kisanduku kipya ananitumia ujumbe wa maandishi, kila l na kila r zimekaa sawasawa, na mimi huusoma mara tatu nikitafuta hata kosa moja la kumpigia niulize.