Mashua Yenye Kiu

Ukienda kukagua mashua ya tanga iliyokwisha kutumika, usianze na rangi. Rangi ni kama nguo ya kanisani, humpendeza kila mtu. Anza na sababu iliyokupeleka. Yangu ilikuwa magoti.

Kwa miaka mingi nilichonga chukudu, zile baiskeli zetu za mbao zisizo na pedali, na kuziendesha mwenyewe zikiwa zimejaa viazi. Kushuka kutoka Kibumba hadi Goma ni raha: unapiga goti juu ya mbao na kumwomba Mungu breki ishike. Kurudi ndiko kuna maneno. Pale Kibati, kwenye mpando mkali, unaisukuma, nayo inakusukuma. Nikaanza kuota chombo kinachosukumwa na upepo.

Mke wangu alikubali kwa sharti moja.

“Papa, nunua. Lakini nitaingia ndani kwanza. Maji yakigusa kiatu changu, unarudia chukudu yako. Tumesikilizana?”

Tulisikilizana.

Mashua ilikuwa karibu na Kituku, kando ya ziwa, uani kwa mwalimu mmoja mstaafu. Ilikuwa imekaa miaka minne juu ya mawe ya volkano, chini ya mabati. Yeye alikuwa anahama, akataka jibu langu kabla ya wiki kwisha.

Nilitandaza tanga kwenye nyasi, kisha tukaliinua kuelekea jua ili tuone matundu. Fanya hivyo nawe, jua halimfichii muuzaji. Tuliona matundu mawili, na kwenye mikunjo tukakuta maharagwe, kwa sababu mke wa mwalimu alikuwa akiyaanikia humo. Nililala chali nikauangalia mlingoti kwa jicho moja: umenyooka. Nikachoma mbao kwa ncha ya kisu, hasa kwenye pembe ambako uozo hupenda kujificha. Kisu kilikataa kuingia. Vizuri.

Mwisho nikagonga kwa vidole. Hapo ndipo nilipokosea, maana nilikagua kama fundi wa chukudu. Kwetu mti wa mkaratusi huchaguliwa kwa sikio: ukilia kama ngoma, umekauka, hautapinda njiani. Mashua hii ililia kama ngoma ya harusi. Nikampigia mke wangu simu nikajisifu.

Tukaibeba, watu wanane, hadi ziwani. Kabla sijamaliza kuwashukuru wabebaji, maji yalikuwa yanaingia kila upande, kwa utulivu, kama wageni wanaoijua nyumba.

Mwalimu alishika kichwa. “Muzee, naapa sikujua.”

Mama mmoja aliyekuwa anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alicheka hadi akaweka beseni chini. “Eh, muzee wa chukudu! Unapima bato kama baiskeli?”

“Mama, inavuja yote!”

“Haivuji. Iko na kiu. Miaka mine juu ya mawe, haijakunywa hata kikombe. Izamishe.”

“Nizamishe kitu cha mutu, na sijakinunua?”

“Mwenyewe si huyu? Muulize.”

Nilimuuliza. Mwalimu alinitazama sana. “Nimefundisha miaka mingi,” alisema, “hakuna mwanafunzi aliyeniomba ruhusa ya namna hii. Zamisha.”

Nakueleza alivyonieleza yule mama. Mbao ikikauka hunywea, na kati ya mbao na mbao nafasi hufunguka. Ikinywa maji hufura, nafasi zikajifunga zenyewe. Ukavu ulionifurahisha ndio uliokuwa ugonjwa. Ila mbao iliyooza haiponi hata inywe ziwa zima, kwa hiyo kisu kitangulie daima.

Tuliijaza mawe ya volkano, tukaifunga kamba, ikakaa chini pale maji yanapofika kifuani. Kwa siku tatu watu wa Kituku walinipa pole kama mfiwa. Mmoja aliniuliza kama marehemu alikuwa na bima.

Siku ya nne tulitoa mawe, tukachota maji kwa beseni. Kulibaki sehemu moja iliyotoa tone. Nikaiziba kwa pamba, tukangoja. Tone halikurudi.

Mke wangu alikuja amevaa viatu vyeupe vya kanisani, makusudi kabisa. Akaingia, akaketi, akaweka miguu chini pale katikati. Mama wa sambaza aliacha wateja. Sisi sote watu wazima tulisimama tukitazama viatu.

Baada ya muda mrefu aliinua kimoja, akakipapasa chini kwa kiganja.

“Kikavu,” akasema. “Papa, mupe mwalimu mukono.”

Nilimpa mkono. Tukapandisha tanga kwa shangwe. Tanga likaning’inia kama shuka kwenye kamba: hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti.

Mke wangu hakuwa tayari kushuka. Nikakunja suruali, nikaingia majini, nikashika nyuma ya mashua yangu mpya na kuanza kusukuma.

“Pole pole, papa,” alisema akiwa amekaa kama malkia. “Kumbe Kibati iko hata ndani ya ziwa!”

Lakini magoti, nakuambia kweli, ndani ya maji hayakuuma.