Nailoni Niliyoiacha Juu ya Dirisha la Mama Glory

Kosa ni langu. Naliandika hilo kwanza kwa sababu najijua: nikianza kueleza ilivyokuwa, mtaishia kunionea huruma, na sistahili.

Mama wa watu amekufa kwa sababu nilinyamaza. Nilikuwa najua, na nikanyamaza!

Naishi Rau, hapa Moshi. Mimi ni fundi cherehani, sijasomea mambo ya afya popote. Mdogo wangu ana pumu, ndiyo maana nikaanza kusoma kwenye simu habari za hewa ya ndani ya nyumba: moshi, vumbi, ukungu wa ukutani, dawa za mbu. Nilipenda sana. Nikaomba niwe nasema machache baada ya sala za jumuiya, zile zinazozunguka nyumba kwa nyumba. Watu wakanizoea. Mzee mmoja kila nikisimama anatania, "Mwalimu Hewa huyo! Vuteni pumzi haraka kabla hajatukataza!"

Nilicheka nao, lakini moyoni sikuwa nacheka. Mimi kukosea siwezi kuvumilia. Mshono ukipinda kidogo tu, nafumua nguo yote. Nikitamka neno vibaya mbele ya watu, linanisumbua wiki nzima. Naandika haya muelewe, si mnisamehe.

Mama Glory ni jirani yangu, na nilimhesabu kama dada. Nyumba yao ni ya tofali, ina dari ya jipsamu na madirisha ya vioo, nzuri kweli, ila iko kando ya barabara ya vumbi. Binti yao Glory alikuwa anakohoa hadi anatapika. Siku moja nikaangalia juu ya dirisha, pale kwenye matundu ya hewa, nikaona vumbi limejaa.

"Vumbi linaingilia hapa," nikamwambia. "Zibeni."

"Tuzibe na nini, mwalimu?"

Nikapanda kwenye stuli mwenyewe, na nailoni na selotepu. Nikaziba chumbani, nikaziba sebuleni. Nikapiga selotepu kona zote, hakuna hata sehemu iliyobaki imelegea. Nilishuka nikaitazama kazi yangu na kujisifu!

Glory akaacha kukohoa. Mama yake akalitangaza kwenye jumuiya, watu wakapiga makofi, na wengine wakaenda kuziba kwao.

Halafu nikaja kusoma zaidi. Nikajifunza kwamba yale matundu ndiyo pumzi ya nyumba, hayazibwi. Nyumba ya tofali yenye vioo na dari, ukiyaziba, hewa chafu inabaki humo humo na watu. Na mtu akiingiza jiko la mkaa, mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Hujui kama unaivuta.

Niliona aibu kubwa. Mimi, Mwalimu Hewa!

Hapo ndipo nilipotakiwa kuvaa kandambili na kuvuka barabara. Ni nyumba ya pili tu. Mnajua nilifanya nini? Nilinunua karatasi kubwa na kalamu za rangi. Nikasema nitaandaa somo jipya, zuri, lenye michoro, ili watu wasione kwamba nilikosea, waone nimeongeza elimu. Nikachora nyumba. Mstari ukapinda, nikachana. Nikachora tena. Mshale wa hewa ukatoka mnene kuliko mwingine, nikachana tena. Wiki zikapita nikichana karatasi.

Mama Glory akajifungua mtoto wa kiume. Ikawa Julai, na mnajua baridi yetu ya Julai. Mume wake ni mpagazi wa watalii, alikuwa mlimani na wageni. Basi mama mzazi wa Mama Glory akashuka kutoka kijijini kwake Uru kuja kumlea binti yake, kama ilivyo desturi yetu, na ndizi za mtori na maziwa ya ng'ombe wake. Mzazi hatakiwi kupigwa na baridi, kwa hiyo bibi huyo akawa anaweka jiko la mkaa chumbani. Kwake Uru alizoea kukaa na moto ndani maisha yake yote. Lakini chumba chake cha kupikia cha kule ni cha mbao, kina mianya kila upande, moshi unajitokea wenyewe. Hakujua kwamba hii nyumba ya mwanawe mimi nilikuwa nimeifunga kama chupa.

Nikaenda kumwona mzazi, na sukari na sabuni. Kulikuwa na akina mama wengine wawili. Nikaingia chumbani, joto likanipokea mlangoni. Jiko liko pale kwenye kona, makaa mekundu. Nikainua macho juu ya dirisha. Nailoni yangu ipo, haijabanduka hata kona moja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapa kwenye moto. Ndiye huyu?"

"Ndiye huyu, mama," Mama Glory akasema. "Ndiye aliyemponya Glory kifua."

"Aika, mwanangu, aika," bibi akanishukuru huku amenishika mikono yote miwili. Kisha akasema, "Ila huku kwenu kichwa kinanigonga tangu jana. Huu mji wenu hauna hewa!"

"Bibi, umezoea migomba tu," mama mmoja akatania. "Ukikaa mwezi utazoea na moshi wa pikipiki!"

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jamani, nilicheka! Kichwa kinagonga, jiko ndani, matundu yamezibwa na mimi mwenyewe, na nilikuwa nimesoma kwamba dalili ya kwanza ni kichwa kuuma. Nilitaka kuwaambia. Lakini wamenisifu sasa hivi, tena mbele ya wageni. Nikajiambia, mchoro umebaki kidogo, kesho nitakuja kuwaeleza vizuri. Nikanywa uji wao nikaaga.

Asubuhi nilisikia kilio nikiwa bado sijanawa uso.

Usiku mtoto alikuwa amelia sana kwa joto, Mama Glory akahamia naye sebuleni alikolala Glory. Akafunga mlango wa chumbani asimwamshe mama yake, bibi wa watu alikuwa amechoka. Alipoenda kumwamsha anywe chai, bibi hakuamka.

Tulimzika Uru, kihambani kwake, kwenye shamba la migomba la ukoo. Nilikuwa na wanawake wenzangu tunamenya ndizi nilipomsikia kaka yake Mama Glory akimwambia mbele ya watu, "Wewe ndiye uliyemfungia mama mlango. Umemwacha na jiko ukafunga mlango!"

Mama Glory hakujitetea. Alikuwa akirudia tu, "Ningeacha wazi. Ningeacha wazi hata kidogo."

Nikaendelea kumenya ndizi. Hili ndilo kosa langu kubwa kuliko yote, kubwa kuliko nailoni yenyewe. Nilimwacha abebe mzigo wangu mbele ya ukoo wake.

Baada ya msiba sikuweza kula wala kushona. Nikaenda kwake. Nikakuta ameng'oa mlango wa chumbani, umeegeshwa nje ukutani. Hawezi tena kuona mlango umefungwa, alisema. Na juu ya dirisha nailoni bado ipo. Hakuna aliyeifikiria!

Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama. Aliangalia juu, kwenye nailoni.

"Ulijua lini?"

"Kabla hujajifungua."

"Siku ile uliyoleta sukari, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, dada. Nilikuwa naandaa michoro nije niwaeleze vizuri."

"Michoro." Akanitazama kama mtu asiyenifahamu. "Mimi niko hapo nyumba ya pili. Ungeniambia kwa mdomo tu. Nani alikuomba michoro?"

Nikavuta stuli niibandue nailoni.

"Nenda ukamwambie kaka yangu," akasema. "Na usiguse hiyo nailoni. Nitaitoa mwenyewe."

Nilipanda Uru siku hiyo hiyo. Kaka yake alinisikiliza akiwa na jembe mkononi. Nilipomaliza, akageuka akarudi kwenye migomba yake. Nimesikia baadaye kwamba alishuka Rau kumwomba dada yake msamaha. Namshukuru Mungu kwa hilo. Mimi Mama Glory hanisalimii. Tukikutana dukani anamvuta Glory upande wa pili, na Glory ananiangalia haelewi.

Daktari mmoja aliniambia kwamba hata matundu yangekuwa wazi, jiko la mkaa chumbani ni hatari. Najua alitaka kunifariji. Lakini hata hilo nilikuwa nalijua, na nilikaa karibu na lile jiko nikanywa uji.

Nimeshapita nyumba zote zilizoniiga. Niliingia bila karatasi, nikasema, "Nilikosea, bandueni." Mmoja alinicheka. Mwingine alinifukuza. Wote walibandua.

Na wewe unayesoma, nakuomba. Jiko la mkaa liwashie nje, lizimie nje, usilale nalo hata baridi iwe kali vipi. Inua macho uangalie juu ya madirisha yako. Mkiwa ndani na jiko, mtu akilalamika kichwa au kizunguzungu, usicheke. Mtoe nje kwanza, maswali baadaye, kisha mpeleke hospitali.

Na kama kuna mtu ulimfundisha jambo ukaja kugundua si kweli, usingoje hadi uwe na maneno mazuri. Nenda sasa hivi, hata kama utaonekana mjinga. Aibu yake ni ya siku moja tu. Hii niliyonayo mimi naamka nayo kila asubuhi.