Pombe ya Shamba la Melkiadi

Watu wa mjini wakisikia neno pombe wanafikiria ulevi tu. Wangekuja kijijini kwetu Muyama mwaka ule wa tisini na nane, kipindupindu kilipokwisha, wangeona pombe ni kitu gani. Theodosia ndiye aliyekuwa mpika pombe ya ndizi wa pale, na hakuna mtu aliyeiogopa pombe kama yeye.

Alikuwa na sababu. Huku kwetu shamba kubwa halilimwi kwa mshahara. Mwenye shamba anawaita majirani, wanalima tangu asubuhi, kazi ikiisha wanauzunguka mtungi na kuvuta kwa mrija mmoja, huyu akimpokeza yule. Mvua zile kubwa zilipouleta ugonjwa, mumewe, Stanislaus, alikwenda kulima kwa jirani, akavuta zamu yake, akarudi nyumbani anacheka. Kesho yake mchana macho yalikuwa yamezama, sauti haitoki, na kabla ya jua kutua alikuwa amekata roho. Pombe ile Theodosia hakuipika yeye. Lakini tangu hapo, akiuona mtungi tu, anageuza njia.

Serikali ikafunga kila kitu. Ugonjwa ulipopungua ikaanza kufungua: soko la Kasulu, mashine za kusaga, magari. Pombe ikaachwa mwisho kabisa, kwani nani ana haja na pombe? Haya! Bwana Saady, mfanyabiashara wa Kasulu aliyekuwa akituletea dagaa, chumvi na sabuni na kurudi na maharage yetu, akaja na lori lake, anachekelea. Akakuta nini? Hakuna maharage. Yatoke wapi, na mashamba hayakulimwa? Na yangelimwaje, pombe ya kuwaitia watu ikiwa marufuku? Dagaa wake akarudi nao, maana asiye na maharage anunue dagaa kwa kitu gani? Mwenye mashine ya kusaga naye akazima injini, kwa sababu dizeli yake ilikuwa inaletwa na lori hilo hilo. Jamani, mambo yote yalikuwa yamefunguliwa na hakuna lililokuwa linakwenda.

"Mimi sileti gari kuja kuwasalimia," Saady alisema, wala si kwa ubaya. "Nikisikia maharage yako ardhini nitarudi. Nisiposikia, nakwenda zangu Kibondo." Na Kibondo kulikuwa na makambi ya wakimbizi, biashara haikosi.

Ruhusa ya pombe ilipotoka, mawingu ya vuli yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Asubuhi hiyo hiyo Mzee Melkiadi, mwenye shamba kubwa kuliko yote pale, akabisha hodi kwa Theodosia.

"Mama Dorcas, nipikie. Watu wote wanaliangalia shamba langu. Wakija wakanywa wakabaki wazima, kila mwenye shamba atakuja kwako. Wasipokunywa, mvua itanyesha kwenye majani."

"Mzee, mimi naogopa."

"Hata mimi naogopa. Sasa tufanyeje, tufe njaa kwa adabu?"

Akapika. Alivyopika ile pombe hakuna aliyewahi kupika. Maji ya kuchanganyia aliyachemsha mpaka kuni za wiki nzima zikaisha, akayaacha yapoe yamefunikwa. Mikono alinawa kwa sabuni kabla ya kukamua ndizi, akakamua, akanawa tena. Mtungi aliupitisha kwenye moto. Bintiye, Dorcas, msichana mkubwa aliyeshaposwa, akawa anamcheka. "Mama, hiyo ni pombe au ni dawa?" Theodosia hakucheka. Inzi mmoja akitua kwenye kifuniko, anakiosha upya.

Siku ya kulima watu walikuja, tena wengi, kila mmoja na jembe lake na kikombe chake, maana Bwana Afya alikuwa amekataza mrija mmoja. Wengine walikuwa na vikombe vya bati, wengine makopo ya mafuta. Wakasimama mbali na mtungi. Desturi yetu ni kwamba anayeleta pombe huionja yeye kwanza mbele ya watu, ndipo wengine wanywe. Theodosia akachota. Akamkumbuka Stanislaus, akafumba macho, akameza.

Bazilio, mkulima hodari na mwenye mdomo mkubwa kuliko jembe lake, akasema, "Vizuri. Sasa sisi tunalima, na wewe Mama Dorcas unakaa hapo hapo tunapokuona. Jua likigeuka bado uko mzima, tunakunywa."

Watu wakacheka, lakini ni cheko la kujikaza. Wakaanza kulima.

Basi Theodosia akakaa kando ya mtungi kama mshitakiwa. Kila anayenyoosha mgongo anamtazama yeye. Akikohoa, majembe yanasimama. Na woga una vituko vyake: haukupita muda akabanwa na haja ndogo. Haja ndogo tu, jamani! Lakini angewezaje kunyanyuka kwenda kichakani? Wangemwona anakwenda wangesema kuhara kumeshaanza, na kila mtu angebeba jembe lake akimbie. Akabana miguu, akakaa. Tumbo likanguruma. Ni njaa hiyo, alijiambia, sikula kitu tangu jana. Likanguruma tena. Jasho likamtoka. Akajishika shavu kuona kama ngozi imeanza kukauka, akajiuliza ni nani angemsimamia Dorcas siku ya harusi yake.

Watu walilima siku ile, hilo lisemwe. Walilima kwa njaa ya miezi yote ile ya kukaa bure, udongo ukawa unapinduka shamba zima, na mtu mmoja akaanzisha wimbo wa kulimia ambao hatukuwa tumeusikia tangu ugonjwa uingie. Jua lilipogeuka shamba lilikuwa limekwisha. Theodosia alikuwa bado amekaa, mzima.

Wakaja na vikombe. Akawamiminia mmoja mmoja, pombe ikitoa povu, harufu yake nzuri ya ndizi na mtama wa kukaanga. Mzee Melkiadi akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Kila mmoja akawa na kikombe chake mkononi. Hakuna aliyekipeleka mdomoni. Huyu anamwangalia yule, yule anaangalia chini.

Dorcas alikuwa amelima pamoja nao, udongo mpaka magotini. Akaona mama yake anavyodhalilika. Akasema kwa sauti, "Basi nitaanza mimi," akainua kikombe.

"Dorcas! Usinywe!"

Ilimtoka hivyo hivyo, kabla hajajua kama anasema. Alikuwa ameshasimama, mkono ameunyoosha. Si mpika pombe aliyepiga kelele ile, ni mama tu. Lakini nani angewatenganisha hao wawili?

Dorcas alikuwa ameshameza.

Bazilio alimgeukia Theodosia, bila mzaha hata kidogo usoni. "Kumbe na wewe," alisema. Akamwaga kikombe chake chini. Wa pili akamwaga, kisha wote, na ardhi ile waliyotoka kuilima ikainywa. Wakabeba majembe wakaondoka bila kuaga.

"Mama, kwa nini?" Dorcas aliuliza. Theodosia akaufunika mtungi. Akaenda kichakani, sasa hapakuwa na wa kumtazama, na huko ndiko alikolia.

Habari ilifika mpaka vijiji vya Buhigwe kabla ya mama na binti kufika nyumbani. Mashamba mengine hakuna lililoitiwa watu. Mvua ikanyesha kwenye majani, kama Melkiadi alivyosema, na maharage yake peke yake yangejaza lori gani? Saady akashika njia ya Kibondo. Msimu ule tulikula kisamvu bila chumvi.

Siku moja Bazilio alimkuta Theodosia kisimani, akasita, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini, "Dorcas aliugua?"

"Hata kichwa hakikumuuma," Theodosia alisema, akajitwika ndoo yake.