Mjomba wa Wafanyakazi Wanne

Ghala langu la ndizi na viungo liko Mafiga. Nilikuwa na wafanyakazi wanne, Waluguru wazima kutoka milimani, upande wa Matombo. Mkataba hawakuwa nao, bima ya afya hawakuwa nayo, nami nilijisifu kwamba ninawapa chai.

Siku moja akaingia ofisa kazi, mama mmoja mpole, akaulizia mikataba na bima zao. Nikamjibu kwamba hapa hakuna mfanyakazi. Hawa ni wapwa zangu, watoto wa dada zangu, wananisaidia tu. Akawatazama wale wanne, kila mmoja na sura ya ukoo wake, akatabasamu.

"Basi Mungu akuzidishie," akasema. "Mjomba wa Kiluguru ana kazi."

Akaaga. Nilicheka peke yangu hadi jioni, kumbe wenyewe walikuwa wamesikia. Kesho yake nilipofungua ghala nilipokewa na shikamoo za mjomba mfululizo. Mmoja akaniarifu kwamba amepata mchumba, kwa hiyo nijiandae kwenda kumposea. Mwingine akauliza shamba la ukoo atakatiwa upande gani. Wateja walicheka, na mke wangu akawashinda wateja.

Wa nne hakutania, maana alikuwa na ngiri. Nilikuwa nikimwona akibeba gunia huku mkono mmoja ukibana kinena, nami nikigeuza uso. Wiki ile ngiri ikamlaza, daktari akasema lazima apasuliwe. Mama yake akateremka na mkungu wa ndizi kichwani, akaja moja kwa moja nyumbani kwangu, akaketi mkekani na mke wangu, akaanza kuzimenya.

"Kaka," akaniita, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, "mwanao anaumwa. Baba yake nimemwacha mlimani, hili si lake. Kwetu mtoto ni wa mjomba."

Nikaanza kumweleza kwamba lile lilikuwa neno la kumwambia ofisa tu.

"Ulimdanganya yeye, au unanidanganya mimi?" akauliza, bado akimenya ndizi.

Mke wangu akaenda kuleta mkoba wangu bila kutumwa.

Upasuaji niliulipia mfukoni, kwa kuwa bima ya kukata leo isingemfaa mtu aliyekwisha kulala kitandani. Kisha nikaenda mwenyewe kwa yule ofisa. Akaniuliza kama wapwa hawajambo. Nikamwambia wamekuwa wafanyakazi. Adhabu niliipata, na nilistahili. Wote wanne wakapata mikataba na kadi za bima.

Watatu bado wananiita mjomba, hasa mbele ya watu ninaowaheshimu. Yule wa ngiri alipona, nikamwondoa kwenye magunia nikamweka kwenye mizani. Yeye huniita bosi, kwa adabu kabisa. Siku moja nilimwomba aniite mjomba kama wenzake.

"Sawa, bosi," akajibu, akaendelea kupima iliki.