Sufuria za Mujane wa Mukubwa Wangu

Admin, ficha jina yangu, ficha na avenue, maana Nyalukemba yetu ya Bukavu ni ndogo na watu wake wana masikio. Niko muzee wa miaka sabini na sita, bibi mumoja, watoto wane, meno tatu za mbele ni za kununua. Nyumba ninamoandikia haya iko karibu na ziwa, na mambo yote ni juu yake. Musome mpaka mwisho mbele ya kunitukana. Kutukana mutanitukana tu.

Wakati wa Zaïre, tulipokuwa tunaitana citoyen na kuvaa abacost, koti bila tai, kazi yangu ilikuwa kutafutia wageni nyumba. Sikusoma sana. Primaire niliiacha katikati, na Kifaransa nilikijifunza kwa kusikiliza wakubwa wa bureau wakigombana. Wageni wa hôtel hawakunihitaji. Wangu walikuwa wale wa likizo ndefu, juillet mpaka septembre, wenye kutaka kujipikia wenyewe. Muzungu mwenye kujipikia ni mutu wa ajabu: anakataa boyi wa nyumba, anakataa mupishi, kisha anakuuliza makala ya kupikia inawashwa namna gani.

Mukubwa wangu wa tumbo moja alikufa, akaacha nyumba hii, mujane, na mutoto mumoja, Furaha. Mimi nilikuwa ninapanga chumba kimoja Kadutu, na mvua ikinyesha tunahamisha kitanda. Sisemi hivyo ili munihurumie. Ninasema ili mujue nilikuwa ninaangalia nyumba ya marehemu kwa macho gani.

Katika ukoo wetu kuko desturi moja. Mujane anaweza kusafiri hata mwaka mzima, nyumba inabaki yake, kama sufuria zake zimebaki jikoni. Lakini akizibeba zote, wazee wanahesabu kwamba ameacha ndoa, na nyumba inarudi kwa ndugu za bwana. Mama Furaha alikuwa mutu wa mbali, wa Mwenga. Hakuna mutu alikuwa amemuambia.

Mwaka ule nikapata Wabelgiji wawili, bwana na madame. Bwana alichunguza samaki, alikuwa anakwenda kwa watafiti wa Lwiro kila asubuhi. Nikamuambia Mama Furaha: «Shemeji, wapangishie hawa miezi tatu, utapata minerval ya mutoto, feza ya masomo. Mutakuja kukaa kwangu.» Akakubali, akanishukuru. Naapa, siku ile nilikuwa bado mutu muzuri.

Wazo baya lilinijia palepale jikoni. Madame aliangalia sufuria tano za Mama Furaha, nyeusi inje, ndani zinangaa, akaniambia kwa Kifaransa: muambie maman aziache, ninazipenda, nitazitunza.

«Anasema nini, shemeji?»

«Anasema anataka jikoni tupu. Toa yote.»

«Hata hii ndogo ya chai?»

«Hata ya chai.»

Akacheka kidogo. «Wazungu wanaogopa masizi.»

Nilimufungia kitunga mimi mwenyewe, nikakaza kamba vizuri, zisianguke njiani. Kisha nikamuambia madame kwamba maman hawezi kutengana na sufuria zake, na kesho yake nikaleta za bibi yangu. Madame alizipikia miezi tatu, akilalamika kwamba zinavuja.

Miezi ile yote Mama Furaha alikuwa kwangu Kadutu. Alifulia watoto wangu nguo, aliwapikia foufou ndani ya sufuria zile zile. Bibi yangu alimuita dada. Mimi nilikula, nikasema asante.

Wabelgiji walipokwenda, wazee wa ukoo walikaa kikao. Muzee mukubwa aliuliza kitu kimoja tu: «Alitoka na sufuria?»

«Na sufuria zote, papa. Watu wa avenue walimuona.»

«Basi ametoka.»

Nilihama na bibi na watoto siku Mama Furaha alikuwa amekwenda sokoni Kadutu. Alipotufuata Nyalukemba, sufuria zake ndani ya kitunga kichwani na Furaha mukononi, alinikuta ndani ya kiti cha mukubwa wangu.

«Shemeji, nimerudisha sufuria. Niziweke wapi?»

«Uziweke kwenu Mwenga.»

Akacheka. Shemeji wanataniana, alifikiri ninamutania. Alicheka mpaka akaona bibi yangu anatoka jikoni na mwiko, anainamisha kichwa. Nikamuelezea desturi, polepole, kama mwalimu. Alinisikiliza akiwa amesimama, kitunga kichwani, hakuna mutu aliyemusaidia kukitua. Kisha akasema: «Ungenijulisha, shemeji, ningeacha hata ile ndogo ya chai.»

Hakulia. Aligeuka na kitunga chake. Furaha ndiye alikuwa ananigeukia kuniangalia mpaka kona.

Sasa sikieni. Furaha alisoma, akaolewa Ulaya, akamupeleka mama yake. Juzi nimepata vocal kwa simu, sauti ya musichana ninayemusikia kwa mara ya kwanza: «Bonjour tonton. Niko mutoto wa Furaha. Koko, mama yake, anataka kuja Bukavu likizo yote, juillet mpaka septembre. Hapana hôtel, hali chakula ya watu, anataka kujipikia mwenyewe. Nyumba ikuwe Nyalukemba, karibu na ziwa. Tuliambiwa weye ndiye ulikuwa unatafutia wageni nyumba.»

Sauti yake ni ya heshima. Sijui kama anajua. Bibi yangu amesikiliza, amesema nyumba ni hii, hakuna ingine, halafu ameingia jikoni na mpaka leo ananipikia bila kuniongelesha. Watoto wangu wanasema nijibu kwamba kumejaa. Wao hawajui kitu, wakati ule walikuwa wadogo sana. Wanafikiri nyumba ni ya babu yao.

Ningeweza kudanganya, munanijua sasa. Lakini vocal haikuishia pale. Mbele ya kukatika, kwa nyuma kuko sauti ya maman muzee, anauliza kama mutu anayeuliza bei ya ndimu: «Muulize, kule kuko sufuria, ao nizibebe zangu?»

Nimeisikiliza mara nyingi kuliko misa. Wanangojea jibu. Nishaurini, mutu mwenye akili aniambie: nimujibu abebe, ao aache?