Fundo la Kanga

"Hapana, madam, kama mbuzi hapana. Mbuzi anafungwa kwenye mti. Salma nimemfunga kwangu mwenyewe."

Ndivyo mimi, yaya wa Salma, nilivyomjibu aliposema nimemfunga mwanawe kama mbuzi, na najua nilijibu haraka kuliko inavyotakiwa. Tulikuwa Hatta, nje ya Dubai, kwenye bwawa, watu wamejaa foleni ya viboti. Nilichukua pindo la kanga yangu nikalifunga mkononi kwa Salma, pindo lingine kiunoni kwangu. Mtoto ana miaka minne na miguu ya swala, ningefanyaje? Madam akageuka, akaona watu wanatabasamu, mmoja ameshatoa simu anapiga picha.

Madam amezaliwa hapa hapa Dubai ila kwao ni Unguja, na akikasirika ndipo Kiswahili cha bibi yake kinapomtoka vizuri.

"Hebu mfungue mwanangu. Mikono si unayo? Mshike kama watu wanavyoshikana."

"Mkono unachoka, madam. Fundo halichoki."

Maneno yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mama. Nikafungua fundo, kanga bado mpya, inanukia ule wanga wa dukani, na harufu ile ikanirudisha kwetu Muleba, sokoni, nina miaka tisa na nimefungwa.

Jamani, miaka tisa. Najua kusoma, najua kupika maharage, lakini mama hanunui hata chumvi bila kufunga kwanza pindo la kanga yake mkononi kwangu. Tunapita kwenye dagaa, tunapita kwenye ndizi, na wale wauza mitumba wanatusubiri.

"Mama Kemi, huyo mbuzi bei gani leo?"

"Huyu hauzwi," mama anajibu bila kusimama. "Anakula sana, mtamrudisha."

Soko zima linacheka. Mimi natamani ardhi ipasuke. Nikimwambia mama nimekua, ananijibu lile lile: mkono unachoka, fundo halichoki.

Halafu kulikuwa na mama mdogo Koku, mdogo wake mama wa tumbo moja, aliyekuja kwa bibi kila Krismasi. Sisi Wahaya tunakula ndizi, lakini mama mdogo ndizi alizila kama anakunywa dawa. Alitaka ugali, na alikuja na michembe yake, vile viazi vilivyokaushwa, akiitafuna huku macho ameyafumba. Kihaya alikiongea kama mtu anayetembea pekupeku kwenye kokoto. Watoto tulimwita Msukuma wetu, na yeye alicheka na sisi. Bibi hakucheka. Aliinuka tu, akaenda kumsongea ugali wake peke yake.

Siku moja nikamuuliza mama, kwa nini mama mdogo ni Msukuma na sisi siyo?

"Alichelewa njiani," mama akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Nikaridhika. Mtoto akiambiwa mtu alichelewa njiani, anafikiri basi liliharibika.

Sasa turudi kwenye gari. Tunatoka Hatta, Salma amelala mapajani kwangu, madam anaendesha. Nikamtumia mama ujumbe wa sauti, nanong'ona, namchekesha: mama, leo na mimi nimefunga mtu, nimegombezwa. Nilitegemea acheke. Jibu likaja refu, kuku wanalia nyuma yake. Nikaliweka sauti ndogo, lakini ndani ya gari kila neno lilisikika.

Alisema nisimlaumu madam. Akasema yeye mwenyewe utotoni alifungwa. Kipindi cha vita, askari wa Amin walipovuka mpaka, kwao Missenyi watu walikimbia kusini ya mto Kagera, na watoto walipakiwa kwenye malori watangulie. Mama alikuwa na miaka saba, Koku mitatu. Bibi aliwafunga pamoja kwa kanga, akarudi kumbeba babu aliyekuwa mgonjwa. Pale kwenye lori mwanaume mmoja akasema, fungueni hao watoto, hawapandishiki wawili wawili. Mama ndiye aliyefungua. Yeye akanyanyuliwa lori hili, Koku akanyanyuliwa lile la nyuma. La kwanza likaja Muleba. La pili likapitiliza Biharamulo.

Walipompata, vita vilikuwa vimeisha zamani na Koku tayari ana mwanamke mwingine, Msukuma, anayemwita mama. "Nilimwonyesha ile kanga," mama akasema, "akaishika kama kanga ya mtu yeyote."

Vita vya Kagera nilivisoma shuleni, nikajibu maswali, nikafaulu. Hakuna swali lililouliza nani alifungua fundo.

Mwishoni sauti ya mama ikawa ndogo. Alisema hajawahi kumuuliza Koku jina la yule mwanamke aliyemlea. Hata asante hakumpa. Miaka yote anaogopa Koku asije akauliza na yeye: kwa nini ulinifungua?

Tulipofika nyumbani Al Warqa, madam alizima gari akabaki ameshika usukani.

"Mwambie mama yako namsalimu," akasema. Kisha akachukua kanga yangu kwenye kiti, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wa Salma.

Kwa hiyo nimeamua, na msinizuie. Kesho asubuhi, kabla Salma hajaamka, nampigia mama mdogo. Kule kutakuwa bado na giza, atanisamehe. Sizunguki. Namuuliza yule mama wa Biharamulo anaitwa nani, na kama yupo hai anapenda kuletewa nini. Na akiniuliza nani alifungua, nitamwambia ni dada yake, alikuwa na miaka saba, na tangu siku ile hajaacha kufunga.