Shingo ya Mteja

Kinyozi huyu watu walimwita Mkono Mwepesi, na jina lilimkaa, maana wembe wake ulipita usoni ukadhani ni maji. Alikuwa mpole, ila usithubutu kumwambia wanunuzi wake wamejaa leo.

"Mnunuzi yuko sokoni," angekujibu. "Anachukua nyanya zake, anakwenda zake. Hapa kuna wateja."

Neno hilo alilisikia kwanza kwa marehemu mama yake, mganga wa mitishamba. Kwake yule mama, mteja alikuwa mgonjwa aliyejikabidhi kwa mganga amuuguze mpaka apone, na huyo humwachi njiani. Siku hizi anaitwa mteja hata mtu aliyepita kununua kiberiti. Mkono Mwepesi alibaki na maana ya mama yake. Mtu akikulegezea shingo na wewe umeshika wembe, amejikabidhi, basi.

Sasa mkono ule ulikuwa unatetemeka. Ulianza na kikombe cha chai, ukahamia kwenye mkasi. Ndevu zake mwenyewe aliziacha ziote, akasingizia ndiyo mtindo. Vijana wote aliwasukumia binti yake, aliyenyoa kwa mashine kwenye kiti cha pili. Akabaki na mmoja tu, karani mstaafu wa posta, aliyeapa kwamba mashine haitagusa uso wake. Kumwacha huyo ilikuwa kukubali kwamba kazi imekwisha, na bila kazi Mkono Mwepesi hakujijua ni nani. Kwa hiyo alibana kiwiko ubavuni, akamwomba Mungu, akaendelea kunyoa. Bahati nzuri ndevu za karani nazo zilikuwa haba siku hizi. Uzee, aliwaza.

Jumamosi moja karani aliketi, akainua kidevu, akafumba macho. Wembe ulipokaribia koo, mkono uliruka. Haukugusa kitu, lakini Mkono Mwepesi aliona ulikokuwa unakwenda. Akautumbukiza wembe kwenye beseni.

"Ndugu yangu, nisamehe. Sikunyoi tena. Mkono umenikataa."

"Afadhali umesema mwenyewe," karani alijibu, macho bado kayafumba.

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua zamani. Kila nikija huku, najinyoa kwanza nyumbani, kwa mashine ya mjukuu wangu, ili usilazimike kukandamiza. Mke wangu ananigombeza, anasema ipo siku nitarudi sina kichwa. Namwambia, nisipokwenda mimi, yule atabaki na nani?"

Mkono Mwepesi alilia palepale mbele ya kioo, wala hakujificha. Muda wote huo alidhani yeye ndiye anayeuguza.

Karani alijifuta povu, akateremka kwenye kiti, akakipangusa kwa taulo.

"Keti. Kidevu chako kimekuwa kichaka. Mwanangu, njoo umnyoe baba yako."

Binti alisuuza wembe. Karani aliushika ule mkono unaotetemeka, akaulaza mapajani mwa kinyozi na kuufunika kwa wa kwake. Mkono Mwepesi akainua kidevu, akafumba macho.